Kinacholia ndani ya kibodi

Kibodi yangu ya kwanza ya mekanika, ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini, ilikuwa na swichi za bluu. Ya pili nayo ilikuwa na swichi za bluu. Nilihakikisha kabla ya kutoa hela, maana zile za kwanza nilikuwa nimezizoea na sikutaka kubahatisha. Nilipoichomeka nyumbani nikaona nimeliwa. Vitufe vilikuwa vyepesi kuliko nilivyozoea, mlio mwembamba wa kuchakacha, na kila nikiandika "saa" haraka haraka, kiooni inatokea "sa". Kesho yake nikairudisha. Muuzaji akang'oa kofia ya kitufe kimoja, akanisogezea kibodi karibu na macho: "Kaka, wewe unaona rangi gani hapo?" Bluu. Nikafunga mdomo, nikarudi nayo nyumbani.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la karibu kila anayetafuta kibodi ya mlio kwa mara ya kwanza: nilinunua rangi. Rangi ya swichi si kama mistari ya daladala za Dar es Salaam, ambayo ukiiona tu unajua gari linaelekea wapi. Chimbuko la rangi hizi ni Cherry, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye kuhamia Ujerumani. Swichi zake za MX, zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutofautishwa kwa rangi ya kijiti kinachobeba kofia ya kitufe. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo. Kahawia ina kinundu ambacho kidole hukihisi katikati ya safari. Bluu ina kinundu, na juu yake mlio.

Ulinzi wa hataza ulipokwisha katika miaka ya 2010, soko likajaa swichi za umbo lilelile kutoka viwanda vya China kama Kailh, Gateron na Outemu. Viwanda hivyo vilichukua lugha ya rangi, lakini vipimo kila kimoja kilijiwekea vyake. Leo kwa Razer swichi inayolia ni ya kijani. Kwa Cherry, kijani ni ndugu wa bluu aliyetiwa springi nzito zaidi, karibu gramu 80, na nyeupe yake nayo hulia, ila kwa sauti ya chini. Kailh, katika ukoo wake wa Box, wana White, Jade, Navy na Pink, na zote zinalia. Hakuna ofisi yoyote duniani inayosimamia nani apake rangi gani.

Kwa hiyo swali la kwenda nalo dukani ni jingine kabisa: humo ndani, kinacholia ni nini?

Kikoti na waya

Swichi ya kawaida ina kasha la plastiki, springi, kijiti, na vibati viwili vya metali ambavyo vikigusana kompyuta inajua umebonyeza. Katika swichi isiyolia, kijiti ni kipande kimoja. Katika MX Blue kimegawanywa: kuna kijiti chenyewe, na kuna kikoti cheupe kilichokivaa kwa chini, kikaachiwa nafasi ya kucheza juu na chini.

Ukibonyeza, kijiti kinashuka na kikoti chake. Kikoti kinafika kwenye kibati na kukwama, kwa sababu kibati kinakisukuma kwa ubavu. Unaongeza nguvu kidogo, kikoti kinavuka mgongo, na kwa kuwa hakijafungwa na kijiti, kinafyatuka peke yake na kugonga sakafu ya kasha. Tak. Huo ndio mlio wote, kipande cha plastiki kisichofikia ukubwa wa punje ya mahindi kimeanguka chini. Wakati huohuo kibati, kilichokuwa kimezuiliwa na kikoti, kinarudi kumgusa mwenzake na herufi inatokea. Yote haya yanatokea kidole kikiwa kimeshuka milimita 2.2 kati ya safari ya milimita 4, kwa nguvu ya kama gramu 60.

Kwa kuwa kikoti kimelegea, kinachakacha. Tikisa kibodi ya aina hii karibu na sikio utasikia kama kibuyu chenye mbegu. Wapo wanaoipenda sauti hiyo. Mimi huisikia kama mtu anayetafuna karanga kwenye kiti cha nyuma.

Kailh walikuja na njia nyingine. Kijiti kikarudi kuwa kipande kimoja, na pembeni pakawekwa waya wa chuma uliokunjwa. Kijiti kikishuka kinaupinda waya. Kikiisha kuupita, waya unaruka na kupiga plastiki. Kikipanda, yaleyale kwa kinyume, ndiyo maana swichi ya waya hulia mara mbili kwa kila herufi, kwenda na kurudi. Sauti yake imekatika, haina mkwaruzo, na kidole kinahisi kinundu kikali zaidi kwa sababu kinapambana na chuma.

Katika ukoo wa Box, unene wa waya na uzito wa springi ndivyo vinavyotenganisha majina. Box White ina waya mwembamba. Jade ina waya mnene juu ya springi isiyo nzito, kwa hiyo kinundu chake kinakuja kama ngazi uliyoisahau gizani. Navy ina waya mnene na springi nzito pia. Zote husajili herufi kwenye milimita 1.8, na safari nzima ni milimita 3.6, fupi kidogo kuliko MX.

Ile kibodi yangu ya kwanza, niligundua baadaye, ilikuwa na vijiti vya bluu iliyopauka na waya ndani. Ya pili ilikuwa na kikoti. Rangi ziliwaunganisha watu wawili wasio na undugu.

Springi inayokunja goti

Kabla ya hao wote kulikuwa na IBM. Mashine zao za chapa zilikuwa zimewafundisha makatibu muhtasi kusikia kazi yao, na kompyuta zilipoingia ofisini kampuni haikutaka mtu akae mbele ya kibodi iliyo bubu. Mhandisi Richard Hunter Harris ndiye aliyesajiliwa hataza ya mwaka 1978 ya swichi ambayo ndani yake springi ndiyo kila kitu. Ukibonyeza, springi ndefu inabanwa ikiwa imesimama wima. Inavumilia, inavumilia, halafu ghafla inakunja goti kwenda pembeni na kugonga ukuta wa bomba lake. Kwa kukunja hivyo inaibinua nyundo ndogo iliyo chini yake, na nyundo ndiyo inayosajili herufi.

Kibodi za Model F, zilizokuja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981, zilitumia nyundo hiyo juu ya sakiti inayohisi chaji ya umeme. Model M ya mwaka 1985 ilipunguza gharama kwa kuweka utando chini ya nyundo, na ndiyo iliyoeneza mpangilio wa vitufe 101 ambao kibodi yako ya leo bado inaufuata kwa sehemu kubwa. Wale waliopita ofisi zenye kompyuta za zamani wanaikumbuka: nzito, rangi ya maziwa ya chai, na ukiiangusha unaihurumia sakafu. Mwaka 1991 kazi hiyo ilihamia Lexmark, na tangu 1996 kampuni ya Unicomp ya Kentucky inaendelea kuzitengeneza, sasa zikiwa na waya wa USB.

Upungufu wake usemwe wazi. Ni nzito mkononi na masikioni, springi zake zina mwangwi kama kengele ya baiskeli iliyofunikwa kitambaa, na utando wa chini haupokei vizuri vitufe vitatu au vinne vikibonyezwa kwa pamoja, jambo linalowakera wacheza gemu. Tena huwezi kununua swichi zake rejareja ukazipachika kwenye kibodi nyingine. Ukiitaka, unachukua kibodi nzima.

Ipo pia familia ya Alps ya Japani, ambayo leo inaendelezwa kwa mtindo wake na Matias wa Toronto, Kanada. Mlio wake unatoka kwenye kibati chembamba na ni mzuri. Lakini kofia zake haziingiliani na zile za shina la msalaba, yaani kijiti cha umbo la MX, zilizojaa sokoni, kwa hiyo mtu anayeanza naona aipite tu.

Mlio unasema kweli?

Watu huuliza ipi inalia zaidi. Mimi ningeanza na swali kama mlio na herufi ni tukio moja au ni majirani wawili waliozoeana.

Katika springi ya IBM ni tukio moja. Springi ikikunja goti, imelia na imeandika. Hakuna namna ya kusikia bila kuandika labda swichi iwe mbovu. Katika kikoti ni karibu vilevile, kwa sababu kikoti kinachoanguka ndicho hichohicho kilichokuwa kinazuia vibati visigusane. Katika waya hadithi ni tofauti. Waya uko upande wake na vibati viko upande wao, kila mmoja anafanya kazi yake, na kiwanda kimejitahidi tu kuwakutanisha. Ukibonyeza taratibu sana unaweza kukuta herufi imetangulia mlio kidogo, au imechelewa. Kwa kasi ya kawaida ya kuandika pengo hilo halihisiki, ila ni vema ujue kwamba unachosikia si ushahidi, ni ripoti.

Kwa uaminifu mtupu, kichekesho ni kwamba zilizoshinda zote ni zile zilizolia kwa umeme. Baadhi ya vituo vya IBM, yaani skrini na kibodi za kuandikia kwenye kompyuta kubwa, vilifungiwa koili ndani ya kibodi, ikawa inagonga kila mfumo unapoipokea herufi. Simu yako inafanya jambo lilelile ukiwasha sauti ya vitufe. Sauti ya namna hiyo inakuambia kwamba herufi imefika. Swichi inakuambia tu kwamba kidole kimefika.

Kwa hiyo kikoti ndicho bora kuliko waya? Ingekuwa hivyo, kama tusingeandika Kiswahili.

Herufi mbili zinazofuatana

Kikoti kikishaanguka, kimelala chini. Ili vibati viachane na swichi iwe tayari kwa herufi nyingine, kijiti lazima kipande mpaka kikiokote kikoti na kukinyanyua. Maana yake kidole hakina budi kupanda juu zaidi ya pale kilipoandikia. Umbali wenyewe haufiki milimita moja, lakini mwandishi mwepesi haondoi kidole kabisa, anakitikisa tu juu ya kitufe. Anakitikisa chini ya alama hiyo, na herufi ya pili haiji. Swichi ya waya haina shida hii kwa kiwango hicho, kwa sababu vibati vyake havingoji kuokotwa na mtu.

Majaribio mengi ya swichi yanayoandikwa kwa Kiingereza huitaja kasoro hii kwa ajili ya wacheza gemu, halafu yanaendelea na mengine. Kwetu si suala la gemu. Kiswahili kinarudia irabu zote tano: saa, mzee, niite, choo, juu. Tena kinazirudia mahali ambapo kupotea kwa moja hakuachi kosa la tahajia bali neno jingine zima. "Mwajiri amekataa mkataba" inakuwa "amekata mkataba". "Gari hili halikufaa" linakuwa "halikufa". Programu ya kusahihisha tahajia haitakushtua, maana yote ni maneno halali. Aliyepokea barua ndiye atakayeshtuka.

Kuna na jambo la A. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya tangazo: "Wananchi wanatakiwa kulipa kodi kabla ya saa kumi." Ina herufi 42, na 12 kati yake ni A. Anayeandika kwa vidole vyote, bila kuangalia, huipiga A kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Yaani lugha yetu imebebesha mzigo mkubwa kidole kidogo kuliko vyote, na hapo ndipo uzito wa swichi unapoacha kuwa namba ya kwenye boksi. Navy ni tamu kwa dakika 10 za kwanza dukani. Nilizitumia wiki tatu kwa kazi ya tafsiri, na kufikia Ijumaa ya kila wiki nilikuwa naipiga A kwa kidole cha pete bila kujijua.

Kipimo cha dukani, basi, ni rahisi. Omba ichomekwe kwenye kompyuta, fungua ukurasa mtupu, na usiandike "asdf" kama kila mtu. Andika kwa kasi yako halisi, mara kumi mfululizo: "maana baada ya saa nne mzee amekataa kukaa juu". Kisha soma. Irabu zikiwa zimetimia zote, mkono wako na swichi hiyo vinaelewana. Zikipungua, usijifariji kwamba utazoea. Utazoea kurudi nyuma kufuta.

Wengine wanaosikia

Kelele ya kibodi ina vyanzo viwili, na watu huvichanganya. Kipo kile kimlio cha kikoti au waya, na kipo kishindo cha kitufe kikifika mwisho wa safari. Viringi vya mpira vinavyouzwa ili vivalishwe ndani ya kofia hupunguza kishindo; mlio haviugusi kabisa. Taulo dogo chini ya kibodi, nalo, huzuia meza isigeuke ngoma. Grisi haifai kumwagwa popote tu: ukiipaka kwenye kikoti au waya mlio unafifia na kuwa kama mtu anayeongea na mafua, na hapo bora ungenunua swichi ya kinundu isiyolia ukaokoa pesa.

Mlio wenyewe ni wa sauti ya juu, mkali, na maikrofoni zinaupenda. Ukihudhuria mikutano ya mtandaoni kwa maikrofoni ya laptopu iliyo kwenye meza hiyohiyo, wenzako watasikia mvua kwenye bati. Maikrofoni ya kichwani, iliyo mdomoni, inasaidia sana. Kwenye ofisi ya meza za kushirikiana, mimi nasema swichi ya mlio isiende kabisa. Na kwenye nyumba ya kupanga mnayochangia ukuta na jirani, Box White saa tano usiku inavumilika, Navy ni uchokozi.

Vumbi na chumvi ya hewa ya pwani ni habari nyingine. Swichi za Box zinaitwa hivyo kwa sababu vibati vyake vimefungiwa ndani ya kijisanduku, na Kailh wanazitangaza kwa kiwango cha IP56 dhidi ya vumbi na maji. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa dirisha likiwa wazi mchana kutwa, hiyo ni sababu nzuri. Lakini kijisanduku kinalinda vibati tu. Sakiti iliyo chini haina ulinzi huo, na chai yenye sukari ikiingia huko italeta kutu kwanza, sisimizi baadaye.

Kabla ya kulipa, mambo machache ya fundi. Tafuta kibodi ambayo swichi zake huchomolewa bila kuchomelea risasi, ili ukikosea usitupe kibodi nzima. Uliza kama soketi zake zinapokea swichi zozote za umbo la MX, kwa sababu baadhi ya kibodi za bei nafuu zina matundu membamba yanayokubali pini za Outemu peke yake. Swichi ikiwa na miguu mitano na kibodi ina nafasi ya mitatu, ile miwili ya plastiki hukatwa kwa kikata kucha na hakuna kinachoharibika. Na ukikuta swichi za Box zilizokaa rafu miaka mingi, zikague: za mwanzo zilikuwa na shina nene kidogo lililopanua kofia na hata kuzipasua, kasoro iliyogunduliwa mwaka 2018 na kiwanda kikairekebisha.

Kibodi ya kuchomoa ina faida nyingine ambayo sijaiona ikitajwa sana. Hulazimiki kuweka swichi za aina moja kila mahali. Yangu ina Jade karibu kote, kwa sababu napenda kinundu kinachojitambulisha, lakini chini ya A, na chini ya A peke yake, nimeweka White. Mlio wake uko tofauti kidogo na wa wenzake, kwa hiyo nikiandika Kiswahili nasikia A zinavyopita katikati ya sentensi, na nikiandika Kiingereza kibodi inabadilika sauti.

Ile ya bluu iliyokuwa ikinila irabu nilimpa mdogo wangu. Anaandika kwa vidole viwili, akikiinua kila kimoja juu kabisa kana kwamba kitufe kina moto, na hajapoteza A hata moja.